Mzao wa Tarehe Tisa

Siku ya tatu, macho yao bado yamefumba,
manyoya bado ni vumbi tu juu ya ngozi,
nilimulika tochi ndani ya boksi
nikaona sharubu.

Wanane walikuwa nazo kama sindano.
Watatu, zao zilijipinda
kama uzi uliofumuliwa kwenye sweta kuukuu
na bado unakumbuka fundo.

Mama yao, Abwoli, ni laini kama bitana ya koti.
Baba yao, Apuuli, laini vilevile, mvivu, mnene.
(Ndiyo, nawapa empaako. Hapa Fort Portal
kiumbe asiye na empaako utamwamkiaje?
Bibi yangu angecheka: Abwoli, alizoea kusema,
ni jina la paka.)

Katuramu, anayeniletea maranda kutoka Kabundaire,
aliinama, akatabasamu upande mmoja:
"Huyo ni panya wa darini. Usiku. Wewe umelala."
Nikaukagua waya kwa kidole, tundu kwa tundu.
Hapakuwa hata na pa kupita mende.

Maneno hayo nilikwisha kuyasikia,
na hayakuwa ya panya.
Miaka tisa nyuma nilijifungua Kusiima
akiwa na shungi jeupe juu ya paji,
jeupe kama unga uliomdondokea.
Mama mkwe alilipangusa kwa kidole gumba chenye mate.
Halikutoka.
"Na hili limetoka upande gani?"
Mume wangu alikwenda dirishani kutazama mvua,
akaitazama mpaka ikakatika.

Wakati ule sikuwa na daftari.

Sasa ninalo, la miraba, kurasa tisini na sita,
linanuka mkojo na mahindi.
Siri ya mtungi aijuaye kata,
basi nilichota.
Nilingoja dume mmoja mwenye mikunjo apevuke,
nikamrudisha kwa mamaye.
Usinihukumu. Damu ya panya
huulizwa hivyo.

Siku ishirini na mbili.
Wakazaliwa kumi. Mmoja alikufa wiki ya pili, naye nimemwandika.
Sharubu zilizonyooka, watano.
Zilizopinda, watano.

Nikampa Apuuli binti yake:
saba kwa sita.

Kumbe, Abwoli, siku zote ulibeba nusu ya mkunjo
chini ya koti lisilosema neno.
Na yule mvivu alibeba nusu ya pili
bila kujua, bila kuulizwa,
huku akilala chali na kutafuna karanga zangu.
Hakuna aliyeshuka kutoka darini.
Mwalimu anayenunua panya wangu kwa ajili ya shule
analo neno lake: jeni fiche.
Fiche. Nimelitafuna neno hilo njia nzima ya kurudi nyumbani.
Aliyejificha si lazima awe mwizi.

Nywele za watu si za panya, najua,
hesabu yake ni ndefu, na daftari langu halifiki huko.
Lakini ukutani kwa mama mkwe kuna picha,
moja tu, ya babu yake mume wangu:
suti, fimbo, kofia imeshushwa hadi nyusi.
Huitazama nikimenya ndizi.
Sijauliza alificha nini,
au kama siku ile jua lilikuwa kali tu.

Jana Kusiima alimweka mmoja wa wale watatu kichwani.
Akajikunja akalala hapohapo, penye weupe.
Mtoto akatembea taratibu, shingo imenyooka kama mbeba maji,
akaniuliza wanunuzi wanakuja lini.

Nikamwambia wale wenye mikunjo hawauzwi.
Bado sijamaliza kuandika.